Jalada la Mgonjwa: Likipatikana Upesi, Ndipo Lilipo Salama

Mtoto mwenye selimundu (sikoseli) anafikishwa hospitali saa nane usiku, analia maumivu ya miguu na mgongo. Maabara inapima damu na kuleta jibu: hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ni gramu 7 kwa desilita. Kwa mtoto mwingine, jibu hilo lingemshtua daktari. Lakini wagonjwa wengi wa selimundu huishi na hemoglobini ya 7 hadi 9 mwaka mzima, na miili yao imeizoea. Swali la kwanza la daktari wa zamu, basi, ni hili: mtoto huyu akiwa hana maumivu, damu yake huwa kiasi gani? Jibu liliandikwa kliniki miezi mitatu iliyopita. Limo kwenye jalada lake, jalada limo chumba cha kumbukumbu, chumba kimefungwa, na mwenye ufunguo amelala kwake.

Katika kazi yangu ya kumbukumbu za afya nimekutana na wasimamizi wengi wanaoligawa jambo hili mafungu mawili. Kuna usalama, yaani kufuli, nondo za dirisha na mlinzi, halafu kuna wepesi wa kulipata jalada. Wanaona ukizidisha hili, lile linapungua. Mimi sikubaliani nao. Chumba ambacho jalada hupatikana ndani ya dakika tano ndicho chumba ambacho jalada likiibwa hugundulika siku hiyohiyo. Pale ambapo kutafuta jalada ni kubahatisha, mtu anaweza kuondoka na majalada kumi na asijue mtu, mpaka mgonjwa arudi. Na mgonjwa akirudi ataambiwa maneno tunayoyajua sote: "Halionekani, fungua jipya."

Neno hilo "fungua jipya" limetuletea hasara kubwa kuliko moto na mafuriko. Mgonjwa mmoja anakuwa na majalada matatu: moja lina mzio wake wa penisilini, jingine lina upasuaji wake, la tatu lina vipimo vya juzi. Daktari analiona moja tu kati ya hayo na kudhani ameliona lote. Hospitali nyingine hulikaribisha tatizo hili zenyewe kwa kutoa namba upya kila mwaka, mfano 1245/2019, kisha 380/2020 kwa mtu yuleyule. Mgonjwa apewe namba moja, na namba hiyo iwe yake maisha yake yote katika hospitali ile, hata akipotea miaka kumi akarudi.

Kwa kuwa kadi ya mgonjwa yenye namba hiyo hupotea, lazima kuwe na kielezo cha majina: kadi ndogo au daftari linalopangwa kwa alfabeti, lenye jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama, kijiji au mtaa, na namba ya jalada. Jina la mama ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Majina yetu huandikwa kwa namna nyingi, Athumani na Othman, Zuhura na Zuhra, na wanawake wengi hubadili jina la mwisho wakiolewa. Karani akitafuta jina kwa tahajia moja tu, akakosa, akafungua jipya, kosa limeshazaliwa. Atafute kwa namna zote zinazotamkika, kisha alinganishe jina la mama.

Sasa tuingie kwenye rafu zenyewe, maana hapa ndipo penye ufundi. Vyumba vingi hupanga majalada kwa kufuata namba moja kwa moja: 1, 2, 3 mpaka mwisho. Ni rahisi kufundisha, lakini angalia kinachotokea. Wagonjwa wapya wana namba kubwa, na ndio wanaokuja mara kwa mara, hivyo watumishi wote wanasongamana kwenye rafu za mwisho wakati rafu za mwanzo zina vumbi. Zile za mwisho zinajaa, na kila baada ya miezi michache mnahamisha majalada yote kupata nafasi. Zaidi ya hapo, mtu anayeshika namba ya tarakimu sita kichwani hukosea kwa urahisi. 047138 inageuka 047183, jalada linarudishwa mahali pasipo pake, na tangu hapo ni kama halipo.

Njia ninayoipendekeza kwa hospitali yenye majalada mengi ni kupanga kwa tarakimu za mwisho. Namba igawe jozi tatu: 04-71-38. Soma kutoka kulia. Jalada hili linakaa fungu la 38. Ndani ya fungu la 38 unatafuta 71, na ndani ya 71 unatafuta 04. Jirani yake wa kulia ni 05-71-38. Mgonjwa anayesajiliwa mara tu baada yake, 04-71-39, anaenda fungu la 39, anayefuata la 40. Mafungu yako 100, kuanzia 00 hadi 99, na yote hukua kwa pamoja. Hospitali yenye majalada 50,000 itakuwa na kama 500 kwa kila fungu. Karani mmoja anaweza kukabidhiwa mafungu 00 hadi 24, mwingine 25 hadi 49, na kila mmoja akawajibika kwa rafu zake. Kosa likitokea mnajua wa kumuuliza.

Ongezeni rangi. Kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 ipewe rangi yake, na vipande viwili vya utepe vibandikwe kwenye ukingo wa jalada kuonyesha jozi ya mwisho. Ukisimama mlangoni utaona ukanda wa rangi zilezile kwenye kila fungu, na jalada lililopotea njia kutoka fungu jingine litajitokeza lenyewe bila kusoma namba hata moja. Mpango huu una faida nyingine ya usalama. Mtu anayetaka kuchungulia jalada la jirani yake hawezi kwenda rafuni akalitafuta kwa jina. Atahitaji kwanza kielezo cha majina, na kielezo hicho kinakaa mezani kwa msimamizi. Zahanati yenye majalada elfu moja au mbili haina haja ya haya yote. Ifuate namba moja kwa moja, itatosha.

Lakini mpango wowote utakufa bila kadi ya mbadala. Hii ni kadi ngumu, ndefu kidogo kuliko jalada, inayowekwa rafuni kila jalada linapotoka. Inaandikwa namba, tarehe, limekwenda wapi na amelichukua nani. Wodi ya wazazi, kliniki ya kisukari, ofisi ya bima. Jalada likirudi, kadi inatolewa na mstari unakatwa. Kila asubuhi karani apite rafuni akasome kadi zenye zaidi ya siku moja kwa wagonjwa wa nje, kisha ayafuate majalada yenyewe huko yalikopelekwa. Nasema ayafuate, asisubiri. Majalada mengi yanayoitwa yamepotea nimeyakuta kwenye droo ya daktari aliyekuwa anaandika ripoti, au juu ya kabati la wodi yakingoja fomu za madai ya bima zikamilike.

Nirudi kwenye ule ufunguo wa saa nane usiku. Hospitali inayolaza wagonjwa inahitaji mtumishi wa kumbukumbu kila zamu. Pasipo na watumishi wa kutosha, ufunguo wa pili uwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa, akae nayo muuguzi msimamizi wa zamu, pamoja na daftari. Anayefungua bahasha anaandika saa, namba ya jalada na jina lake, na asubuhi afisa kumbukumbu anakagua na kufunga bahasha mpya. Kumwachia mlinzi wa getini ufunguo si sawa, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu hakula kiapo cha kutunza siri za wagonjwa na hakufundishwa kurudisha jalada mahali pake.

Siri hizo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kabla yake, Sheria ya UKIMWI ya 2008 ilishaweka wajibu wa kutunza siri ya majibu ya VVU. Kwa hiyo juu ya jalada paandikwe namba na jina, basi. Ugonjwa usiandikwe, wala pasiwekwe nyota, herufi au rangi ya karatasi ambayo kila mtu kwenye benchi ameshajua maana yake. Tahadhari kama mzio wa dawa iandikwe kwa wino mwekundu ukurasa wa kwanza ndani, mahali ambapo daktari hawezi kuiruka.

Karatasi nayo ina adui zake, na ukanda wa pwani unazo tele. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Unguja ina unyevu mwingi, na unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huota. Rafu ziwe za chuma, ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu, zisigusane na ukuta, na zisiwe chini ya bomba la maji. Msijaze rafu mpaka mkono haupiti. Hewa inahitaji njia. Pini za stepla hushika kutu na kula karatasi, afadhali kamba ya faili. Yale makaratasi laini yanayotoka kwenye mashine ya kupima moyo na ya ultrasaundi hufifia yakakosa maandishi kabisa, hivyo tolea kopi mapema. Chai na maandazi ndani ya chumba huwaita mende na panya. Na maji yakiingia, hesabu saa: ukungu huanza ndani ya siku mbili au tatu. Tandaza majalada kivulini penye feni, weka karatasi kavu katikati ya kurasa, usiyaanike juani.

Jambo la kuteketeza linanigusa. Nimewahi kununua karanga stendi, nikafungua kile kikaratasi nikakuta ni fomu ya maabara yenye jina la mtu, umri wake na jibu lake la kipimo. Sijui mtu yule kama alikuwa hai. Najua tu kwamba alikwenda hospitali akiamini. Majalada yaliyokwisha muda wake hayauzwi kwa kilo wala hayatupwi jalalani. Kwa taasisi za umma, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 haimpi mtumishi ruhusa ya kuteketeza kwa uamuzi wake. Kuna jedwali la muda wa kutunza, kuna idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Idhini ikipatikana, karatasi zikatwekatwe au zichomwe kwenye tanuri la hospitali, mbele ya mashahidi, na orodha isainiwe. Jalada la aliyejeruhiwa akaja na fomu ya polisi PF3 lisiguswe kabla ya kuuliza kama kesi imekwisha, kwani daktari anaweza kuitwa mahakamani miaka mingi baadaye.

Najua hospitali nyingi sasa zinatumia kompyuta, na GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendesha shughuli za hospitali, umerahisisha mengi. Lakini umeme hukatika, fomu za ridhaa ya upasuaji bado husainiwa kwa kalamu, na historia ya miaka ishirini iliyopita bado imo kwenye karatasi. Chumba kilichovurugika kikiingizwa kwenye kompyuta kinakuwa kompyuta iliyovurugika, na majalada matatu ya mtu mmoja yanakuwa wagonjwa watatu.

Kwako mgonjwa ninayo machache. Ukiulizwa "umewahi kutibiwa hapa?" usijibu hapana ili foleni iende upesi. Ukibadili jina, sema la zamani pia. Ukipewa jalada ulipeleke chumba cha daktari, usiondoke nalo kwenda nyumbani, hata ukiambiwa urudi kesho asubuhi. Namba yako iandike ndani ya kadi ya kliniki, na uihifadhi kwenye simu ya yule atakayekupeleka hospitali siku ambayo wewe mwenyewe hutaweza kusema.