Kitasa kigumu, mafuta ya kula na unga wa penseli

Kila nyumba ina kitasa chenye masharti yake: uvute mlango kwako, uuinue kidogo, ndipo uzungushe ufunguo. Chetu kilikuwa hivyo mpaka mtu mmoja wa nyumbani, simtaji, akakimiminia mafuta ya kula. Wiki mbili kikazunguka kama kimetoka dukani. Mwezi wa pili ufunguo uliingia nusu, ukagoma.

Dhana: kikikwama, dawa ni mafuta, yoyote yale

Ndani ya silinda ya kitasa kuna pini ndogo za shaba zinazosukumwa na springi nyembamba. Meno ya ufunguo huzipandisha kila moja kwa kimo chake, na hapo tu silinda hukubali kuzunguka. Mafuta ya kula hayakai mafuta. Hewa huyageuza utomvu, na utomvu hushika vumbi. Fundi alipokifungua chetu alikwangua utandu wa kahawia, unaonata kama ukoko wa kikaango cha maandazi.

Kinachofaa pale ni kinywe, ambacho wengine hukiita grafaiti, madini yaleyale yanayopatikana Mahenge na Ruangwa. Ni kikavu, hakinati. Huhitaji hata kununua kichupa cha unga wake. Chukua penseli laini, 2B au 4B, upake pande zote mbili za ufunguo, ukikazia kwenye mabonde ya meno mpaka chuma kiwe cha kijivu kinachong'aa. Ingiza, chomoa, kama mara kumi, kisha zungusha. Futa ufunguo kabla hujautia mfukoni, la sivyo utaijutia suruali. Kama kitasa kilishatiwa mafuta, kisafishwe kwanza: kinywe na mafuta mazito vikichanganyika mle ndani huwa tope jeusi.

Dhana: ndani ya penseli mna risasi

Jina la "kalamu ya risasi" limetuponza. Kinywe cha Borrowdale, Uingereza, kilipoanza kuandikiwa karne ya 16, watu walidhani ni aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele akaonyesha kuwa ni kaboni. Penseli ya leo hufuata njia ya Mfaransa Conté ya mwaka 1795: unga wa kinywe huchanganywa na udongo wa mfinyanzi, ukachomwa. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu, ya H. Kinywe kikizidi, huwa laini na nyeusi, ya B. Ndiyo maana sikusema 2H; udongo haulainishi kitu.

Dhana: kinywe huteleza chenyewe, popote pale

Hii hata shuleni tulifundishwa nusu. Tuliambiwa kaboni ya kinywe imepangwa kwa tabaka, kama chapati iliyokunjwa vizuri: kila tabaka ni imara, ila halijashikana sana na lenzake, kwa hiyo yanateleza. Ni kweli, lakini haitoshi. Kinywe kikiwekwa mahali pasipo hewa, msuguano wake hupanda na chenyewe husagika upesi. Kinachokifanya kiteleze vizuri ni mvuke wa maji na gesi zinazojibandika kwenye kingo na nyuso za tabaka hizo.

Walioligundua hili kwa shida ni watu wa ndege. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege zilipopaa juu sana, kwenye hewa kavu, zile kaboni za jenereta zake, yaani vipande vya kinywe vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme, zilisagika zikawa vumbi, ilhali chini zilidumu. Kwa sababu hiyohiyo vyombo vya angani hutumia zaidi molibdenamu disalfaidi, kilainishi kingine kikavu ambacho hakihitaji unyevu. Sisi wa pwani, tunaolalamikia jasho mwaka mzima, hewa yetu inakipenda kinywe.

Dhana: hakina madhara kwa chuma

Lakini hewa hiyohiyo ina chumvi. Kinywe hupitisha umeme, na kikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Kwa hiyo ule mtindo wa kusugulia penseli kwenye reli za madirisha ya alumini, hasa nyumba zinazotazama bahari, mimi siuungi mkono. Kipande cha mshumaa kinatosha pale. Na kwa kuwa kinapitisha umeme, unga wake usipulizwe karibu na soketi wala swichi.

Joto si tatizo. Kinywe huvumilia hata nyuzi 400 hewani, ambapo mafuta ya kawaida yameshaungua zamani. Zipu ya chuma iliyokaza nayo hupona kwa penseli, ila kama ni ya gauni jeupe, tumia mshumaa uleule wa dirishani.