Tumbo Lako Halijakataa, Hujalifundisha

Wiki hii nimeisikia tena: "Mimi tumbo langu halipokei kitu nikikimbia." Aliyeniambia alitembea kilomita tisa za mwisho za marathoni, na bado alilisema kwa fahari kidogo, kama anayetaja kundi lake la damu. Nikamuuliza, mazoezini unatumia nini? Maji. Na siku ya mbio? Jeli mbili, zile pakiti ndogo za sukari nzito, zote baada ya kilomita ya 30, miguu ilipoanza kukataa.

Sasa tumbo limekosa nini hapo?

Hesabu kwanza, haraka. Glaikojeni, yaani akiba ya wanga mwilini, kwenye misuli ni gramu 300 hadi 500 hivi, kwenye ini kama 100. Kwa kasi ya mashindano akiba hiyo hukaukia njiani, na mafuta ya mwili, hata uwe nayo tele, hayaungui upesi kiasi cha kuishika kasi ile ile. Kwa hiyo unapokimbia, kula wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa. Mbio zikizidi saa mbili na nusu, hadi 90. Si mambo mapya. Kwenye marathoni ya Boston ya 1924 madaktari walipima damu za wakimbiaji, wakakuta waliofika hoi sukari yao imeshuka vibaya. Mwaka uliofuata wakawapa peremende, na hali ikawa nafuu.

Turudi kwenye utumbo. Glukosi, sukari ya kawaida ya damu, ina mlango wake wa kuingilia kwenye damu, nao hujaa kwenye gramu 60 hivi kwa saa. Fruktosi, sukari ya matunda, ina mlango mwingine, ndiyo maana anayetaka kufika 90 huchanganya zote mbili. Ukimimina glukosi tupu, ziada inabaki utumboni, inavuta maji, nawe unatafuta choo. Uzuri ni kwamba utumbo huzoea: ukiulisha mazoezini, unapitisha zaidi. Asiyeulisha anafika mashindanoni na utumbo mgeni wa kazi, damu imehamia miguuni na kwenye ngozi, kisha anashindilia jeli mbili na kuziteremsha kwa kinywaji cha sukari. Hata tumbo la mbuzi lingelalamika. Jeli huteremshwa kwa maji, jamani!

Anza wiki sita au nane kabla, kwenye mazoezi yako marefu: gramu 30 kwa saa, kuanzia dakika ya 20 au 30, usingoje njaa. Ongeza kidogo kidogo, na jeli iwe ile ile ya siku yenyewe. Mwanzoni utajaa gesi. Hiyo ndiyo karo.

Maji usinywe kwa woga wa kukaukiwa; yakizidi, yanazimua sodiamu, ile ya chumvi, kwenye damu. Boston 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa chini ya kiwango, hasa walioongezeka uzito njiani. Ndiyo, kuna watu hukimbia kilomita 42 wakamaliza wazito kuliko walivyoanza.

Chumvi ndiyo inayonisumbua. Miaka mingi nimegawa vidonge vya chumvi dhidi ya misuli kukaza, kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Leo ushahidi wake nauona mwembamba, na wateja wanaoapa kwamba vinawasaidia siwabishii. Kuhusu zile gramu 120 za wanga kwa saa wanazojivunia waendesha baiskeli mahiri: wao wanazimudu. Mkimbiaji wa saa nne na nusu azifuate za nini?

Yule wa kilomita tisa amekubali kuanza na 30. Jana kaniuliza kama ndizi inahesabika. Inahesabika, gramu 25 hivi, ila aimenye akiwa kwenye kasi, tuone.