Upofu wa muda si kuchelewa

Msemo huu umeingia kwenye Kiswahili chetu kwa kasi, na umeingia ukiwa umeshapinda. Mtu anafika kwenye kikao cha harusi wenzake wanafunga daftari la michango, anajitetea kwamba ana upofu wa muda. Mwingine hakurudisha simu aliyopigiwa asubuhi, naye ni upofu wa muda. Juzi nimemsikia mtangazaji redioni akisema Waafrika wote tuna upofu wa muda, ndiyo maana shughuli iliyotangazwa saa nane huanza saa kumi. Hapo nikaona bora niandike. Wapo watu ambao jambo hili linawala maisha, hasa wenye kazi ndefu za ubunifu mikononi, na kila msemo unapotumika ovyo wao wanazidi kukosa jina la kinachowasumbua.

Maana yenyewe ni fupi. Upofu wa muda ni kutohisi uzito wa jambo ambalo wakati wake uko mbali, hata kama unalijua vizuri na unalitaka kwa moyo wote, pamoja na kushindwa kukadiria muda unavyopita. Huonekana sana kwa watu wenye ADHD, hali ya ubongo inayoelezwa kwa Kiswahili kuwa ni upungufu wa umakini pamoja na kuhangaika kupita kiasi. Si jina la ugonjwa, wala hakuna daktari atakayekuandikia kwenye cheti kwamba unao. Ni maelezo ya namna mojawapo ADHD inavyofanya kazi ndani ya mtu.

Aliyeueneza msemo huu ni Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichunguza ADHD kwa miongo kadhaa. Mwaka 1997 alitoa nadharia iliyogeuza mjadala. Alisema tukiitazama hali hii kama tatizo la umakini peke yake tunakosea, kwa kuwa kiini chake ni kujitawala, yaani uwezo wa kulizuia la sasa ili la baadaye lipate nafasi. Na mtu hawezi kujitawala kwa ajili ya kesho kama kesho yenyewe haihisi. Barkley amelieleza jambo hilohilo pia kama kutoona mbali: kilicho mkononi mtu anakisoma bila shida, cha mbali kwake ni ukungu. Binafsi naona maelezo haya ya pili yanafaa kuliko huo msemo, maana kipofu haoni karibu wala mbali, ilhali mwenye ADHD la karibu analiona, tena kwa ukali kuliko wengi wetu.

Haya hayakutoka hewani. Kuna kipimo ambacho mtu anaonyeshwa taa ikiwaka kwa sekunde kadhaa, kisha anaambiwa aiwashe mwenyewe kwa muda uleule bila kutazama saa. Kwa wastani, wenye ADHD hukosea zaidi. Kuna kingine cha kuchagua kati ya fedha kidogo leo na fedha nyingi baadaye. Hapo nako, kwa wastani, cha leo kinawavuta zaidi, na thamani ya cha baadaye inaporomoka machoni pao kwa haraka. Mwanasaikolojia Edmund Sonuga-Barke wa Uingereza, aliyeanza kazi hii miaka ya 1990, ameonyesha kwamba kusubiri kwenyewe huwa ni adha kwa wengi wao, hata wakafanya lolote ili kusubiri kuishe. Nasema kwa wastani kwa sababu hakuna kipimo kati ya hivyo kinachotosha kumtambua mtu mmoja mmoja.

Sasa tuje kwenye huko kuchelewa. Nina rafiki yangu, dada mmoja mwandishi, aliyeambiwa na daktari kwamba ana ADHD akiwa mtu mzima. Dada huyu hachelewi. Basi lake la Morogoro likiwa la saa tatu asubuhi, saa kumi na moja alfajiri yuko Stendi ya Magufuli pale Mbezi, amekaa kwenye benchi, begi kalibana katikati ya miguu. Anajua hawezi kukadiria itamchukua muda gani kuoga, kufunga milango na kupita foleni ya Kimara, kwa hiyo hakadirii, anaondoka tu. Tena tangu usiku wa kuamkia safari hawezi kushika kazi nyingine yoyote; safari imejaa kichwani na hakuna nafasi iliyobaki. Huo nao ni upofu wa muda, ila ukimpima kwa kuchelewa utasema mtu huyu ni mzima kabisa.

Ingia nyumbani kwake uangalie rafu ya juu ya kitanda. Kuna kaunta buku nne. Ya kwanza ina sura tatu za mwanzo za riwaya, zimeandikwa, zikafutwa, zikaandikwa tena, pembeni kuna masahihisho ya wino wa bluu, mwekundu na wa kijani. Ya pili inabeba sura ya nne hadi ya tisa, na mwandiko unakimbia, herufi zinalaliana, unaona kabisa kwamba siku zile aliandika bila kula. Ya tatu inafungua sura ya kumi. Kurasa sita, halafu sentensi imekatika katikati, mama wa msichana ndiyo kwanza kasikia mlango, na kuanzia hapo karatasi ni nyeupe mpaka jalada la nyuma. Ya nne ni riwaya nyingine. Mwulize riwaya ile ya kwanza inaishaje, atakusimulia sura ya mwisho mpaka rangi ya khanga aliyojifunga bibi. Anaijua. Anaitaka. Haimaliziki.

Hapa ndipo msemo unapostahili kutumika, na hapa ndipo watu hawautumii. Hapa wanatumia maneno mengine: hana nidhamu, hana malengo, anaanzisha vitu tu.

Kazi ndefu ya ubunifu ina maumbile yanayomwumiza mtu wa aina hii kuliko kazi nyingine yoyote. Mwanzo wake ni mtamu kwa sababu ni mpya. Mwisho una joto lake, maana unauona. Katikati, sura ya kumi mpaka ya ishirini, hakuna upya na hakuna mwisho unaoonekana. Na ukiacha kuandika leo, leo hakuna kitakachoharibika. Anayechelewa kupanda mahindi anaadhibiwa na mvua msimu uleule. Riwaya haina masika. Hakuna mteja anayegonga mlango, hakuna bosi, hakuna mtoto atakayelala njaa kwa sababu sura ya kumi haikuandikwa.

Mwandishi asiye na ADHD naye hana masika. Tofauti ni kwamba ndani yake kuna kitu kinachomletea mwaka kesho mpaka kwenye meza ya leo. Anapata aibu kidogo ya kutomaliza, anapata hamu kidogo ya kukiona kitabu, na hicho kidogo kinatosha kumvutia kiti na kumkalisha. Dada yule anayo picha ya kitabu, tena anayo kwa uzuri kuliko wengi, lakini picha haimsukumi. Wakati huo simu inaita sasa, wazo la hadithi mpya limekuja sasa, maharage jikoni yanatoa harufu ya kuungua sasa. Vyote hivi vina nguvu ambayo sura ya kumi haina. Siku moja inapita hivyo, na inayofuata vivyo hivyo, wala hapati hisia kwamba siku zinajumlishana.

Ndiyo maana ushauri wa kujipangia ratiba unawachosha. Ratiba anazo, zimebandikwa ukutani, za rangi. Barkley amesisitiza kwa miaka mingi kwamba shida ya ADHD haiko katika kujua la kufanya, iko katika kulifanya lile unalolijua, pale na wakati ule linapotakiwa. Kumwongezea maarifa mtu ambaye hakupungukiwa maarifa ni kumwongezea aibu.

Na tafadhali tusiliite uvivu. Mvivu akipumzika anapumzika. Huyu akikaa bila kuandika anajilaumu kutwa nzima, jioni amechoka kuliko aliyelima, na hana hata ukurasa mmoja wa kuonyesha.

Watu wakitaka kuwafariji wenye ADHD humtaja Leonardo da Vinci, mchoraji mashuhuri wa Italia. Ni kweli kwamba mwaka 2019 mtafiti wa ubongo Marco Catani wa King's College London na mwenzake Paolo Mazzarello waliandika kwamba maisha ya Leonardo, kama wale waliokuwapo walivyoyaeleza, yanalingana na ADHD. Ni dhana tu, maana hakuna awezaye kumpima mtu aliyekufa mwaka 1519. Lakini wanaomtaja huishia kwenye kipaji, na mimi naona funzo liko kwenye mikataba yake. Machi 1481 watawa wa San Donato, karibu na Florence, walimpa kazi ya kuchora Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, kwa masharti kwamba aimalize ndani ya miezi 24, ikizidi sana 30. Akaenda zake Milan akaiacha, na mpaka leo imo katika jumba la makumbusho la Uffizi, Florence, ikiwa haijakamilika. Kwa upande wa Karamu ya Mwisho, mchoro wake mwingine ulio ukutani Milan, mwaka 1497 mtawala Ludovico Sforza alimwagiza katibu wake amhimize Leonardo aimalize, tena atie saini kwa mkono wake kwamba ataimaliza katika muda watakaokubaliana. Mwaka 1498 ilikuwa imekamilika. Siwezi kuapa kwamba agizo lile ndilo lililofanya kazi. Ninachokiona ni miezi 30 iliyoachwa mikononi mwake peke yake upande mmoja, na upande wa pili mtu aliyesimama karibu anadai.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu sitaki anayesoma hapa aondoke amejipa ADHD. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliiita hali hii upungufu wa umakini mwaka 1980, na jina la sasa likaja 1987. Toleo la 2013 linataka mtu mzima awe na dalili zisizopungua 5 kati ya 9, ama za umakini ama za kuhangaika, kadhaa kati ya hizo ziwe zilianza kabla hajafikisha miaka 12, na ziwe zinamsumbua katika mazingira zaidi ya moja. Kuacha kazi njiani ni mojawapo. Kukwepa kazi inayotaka akili itulie kwa muda mrefu ni nyingine. Upofu wa muda kwa jina hilo haumo. Kwa hiyo mama mwenye watoto watatu na kazi ya zamu, ambaye riwaya yake imelala mwaka wa pili, huenda hana chochote zaidi ya uchovu, na uchovu nao unastahili heshima yake.

Kwa aliyenao kweli, kinachosaidia ni kuleta la mbali karibu, na mara nyingi anahitaji mtu wa nje amletee. Dawa zina nafasi yake. Methilfenideti, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1950 kwa jina la Ritalin, huongeza nguvu ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazobeba ujumbe kwenye ubongo, kwa saa kadhaa, na wengi husema inawapa uwezo wa kubaki mezani. Hiyo ni kazi ya daktari, si ya duka la jirani wala ya kugawana na rafiki. Hata hivyo dawa haichagui utakaa kwenye meza ipi. Waweza kuimeza ukaishia kupanga kabati kwa umakini mkubwa.

Dada yule kilichomsogeza ni jirani yake, mwalimu mstaafu, aliyemwomba awe anamsomea alichoandika kila Alhamisi jioni. Riwaya ya mwaka kesho ikageuka kurasa za Alhamisi, na Alhamisi anaiona. Sura ya kumi ikaisha, ya kumi na moja ikaisha. Mwalimu alipokwenda kwa mwanawe Tanga kwa mapumziko marefu, kalamu ilisimama, na watu wakasema unaona, amerudia tabia yake. Hakurudia tabia. Mwenye miwani akiivua haoni tena, na hakuna anayemlaumu kwa hilo. Mwalimu amerudi, na wameanza tena.

Basi aliyechelewa aseme amechelewa, inatosha, na wenyeji watamsamehe kama walivyozoea. Na ukiwa na rafiki mwenye ADHD anayeandika, anayeshona au anayetunga albamu, usimwambie asijali kwa kuwa ana mwaka mzima mbele yake. Unamwambia kwa upendo, najua, lakini kwa kusema hivyo unaisukuma kazi yake mbali zaidi, kule asikoona. Wala usimwulize atamaliza lini. Mwambie utapita Jumamosi baada ya saa kumi, akusomee kurasa alizonazo, hata mbili, hata zenye makosa, kisha upite kweli.