Kitufe cha Chapisha Hakiijui Kashe Uliyoitengeneza Mwenyewe

Kuna imani moja ambayo nimeichoka, na wiki hii nimeletewa tena na mteja wa hapa Mtwara mjini, katikati ya msimu wa korosho: kwamba mhariri akishabonyeza kitufe cha Chapisha, kashe zote za tovuti, yaani nakala zilizohifadhiwa ili kurasa zifunguke haraka, hujifuta, na yeyote anayeendelea kuona habari ya zamani ana tatizo la simu yake. Tovuti yenyewe hutangaza bei zilizopatikana minadani. Mhariri alichapisha bei mpya za Tandahimba, akazitazama kwenye kompyuta yake, akaridhika. Katibu wa chama cha msingi kimoja akapiga simu kuuliza mbona anaona bei za mnada uliopita, akajibiwa, "Shikamoo mzee, hebu futa kashe ya simu yako." Mzee akafuta, akazima simu, akaiwasha, na bei ikabaki ileile. Simu yake haikuwa na kosa. Mhariri aliona bei mpya kwa sababu jedwali la bei liliandikwa lisipitie kashe pale anapotazama mtu aliyeingia kwa nywila. Mzee, ambaye hana nywila, alipewa kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye seva tangu mnada uliotangulia.

Kitufe cha Chapisha hufanya mambo machache. Hubadilisha hali ya ukurasa kwenye kanzidata, yaani hifadhi kuu ya data ya tovuti, kisha hutangaza tukio ndani ya mfumo unaoendesha tovuti ili sehemu za programu zinazolisikiliza zifanye kazi zake. Mfumo hufuta kashe zake, yaani zile ambazo mfumo wenyewe umeziweka, na ambazo funguo zake (majina ya kuzihifadhia) mfumo unazijua. WordPress, mmoja wa mifumo hiyo, huondoa nakala ya makala husika kwenye kashe yake ya ndani. Drupal, mfumo mwingine wa aina hiyo, tangu toleo la 8 la mwaka 2015, hubandika tagi, yaani alama ya utambulisho, kwenye kila inachokihifadhi, kwa mfano node:57, na makala namba 57 ikibadilika, kila kilichobeba tagi hiyo hubatilishwa. Lakini ikiwa wewe, au fundi aliyekutangulia, mliandika msimbo unaokusanya bei kutoka majedwali kadhaa, unaozipanga kwa wilaya na kwa daraja, kisha unaweka matokeo kwenye Redis, hifadhi ya haraka iliyo nje ya kanzidata, chini ya ufunguo kama bei:tandahimba, hakuna namna mfumo utakavyokisia kwamba ufunguo huo unahusiana na makala iliyochapishwa. Ni sawa na ubao wa bei uliotundikwa nje ya ghala: barua yenye bei mpya ikifika ofisini, chaki ya jana haifutiki mpaka mtu atoke na kitambaa. Aliyetengeneza kashe ndiye mwenye kitambaa.

Sisemi kwamba kashe ya namna hiyo ni anasa. Siku ya mnada, kuanzia Newala hadi Nachingwea, watu wengi hufungua ukurasa mmoja ndani ya muda mfupi, na hesabu ileile kurudiwa kwa kila msomaji ni njia ya uhakika ya kuiangusha seva ndogo. Ninachodai ni kwamba anayeandika mstari wa kuhifadhi aandike siku hiyohiyo mstari wa kufuta.

Habari ya kivinjari naipita haraka, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo kila mtu huizungumza. Kichwa cha Cache-Control, yaani maelekezo ambayo seva huyatuma pamoja na ukurasa, kikiwa na no-cache hakikatazi kuhifadhi. Kinamtaka kivinjari kiulize kwanza kabla ya kutumia nakala kiliyonayo. Kinachokataza kuhifadhi ni no-store. Muda wa s-maxage unazihusu kashe za pamoja zilizo njiani, si simu ya msomaji. Kama mbele ya seva yako kuna Varnish (programu ya kashe inayowajibu wasomaji kwa niaba ya seva) au mtandao wa kusambaza maudhui, huko nako ni lazima utume ombi la kufuta, tena baada ya kufuta kashe ya ndani, kwa maana ukianza na ya nje itajazwa upya kwa kilekile cha zamani kilichobaki ndani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kweli, nalo ni wakati. Fundi akishakubali kwamba ni wajibu wake kufuta, huichomeka kazi hiyo kwenye tukio la kwanza analolikuta kwenye nyaraka, hujaribu mara moja, huona imefaulu, na kuondoka. Katika WordPress tukio hilo karibu kila mara ni save_post. Tatizo ni kwamba kwenye kihariri cha vitalu kilicholetwa na toleo la 5.0 mwaka 2018, makala huhifadhiwa kupitia REST, yaani maombi ya wavuti ambayo kihariri hukitumia kuzungumza na seva, na katika njia hiyo save_post hutokea kabla makundi na sehemu za ziada za makala hazijaandikwa. Bei zenyewe mara nyingi zimo kwenye sehemu hizo za ziada. Kwa hiyo msimbo wako unafuta ufunguo, na kama ni ule wa kujiona hodari, unajenga upya kashe palepale, ukitumia bei za zamani, na baada ya hapo ndipo bei mpya zinapoingia kwenye kanzidata. Ni kwa sababu hiyo toleo la 5.6 la mwaka 2020 lilileta tukio la wp_after_insert_post, linalosubiri vyote viishe kuandikwa. Bado nakutana na programu-jalizi zilizoandikwa baada ya mwaka huo ambazo hazilitumii.

Ipo pia desturi ya kuuzungushia msimbo wa kufuta sharti la is_admin(), linalouliza kama ombi ni la kurasa za utawala, kwa hoja kwamba kuchapisha ni kazi ya upande wa utawala. Hoja hiyo inasikika vizuri, lakini haina ukweli: ombi la REST halihesabiwi kuwa la upande wa utawala, na makala iliyopangwa kutoka saa kumi na mbili asubuhi huchapishwa na kazi ya ratiba, ambayo haina mtumiaji aliyeingia kabisa. Ukitaka kujua kama fundi wako amelifikiria hilo, panga makala itoke wakati umelala, kisha amka uitazame kama msomaji wa kawaida.

Makala za ratiba zina kichekesho chake. Kwa kawaida WordPress huendesha ratiba pale mtu anapotembelea tovuti. Ukiwa na kashe ya kurasa nzima inayojibu kabla msimbo mkuu haujapakiwa, wageni wanaweza kuja na kuondoka bila ratiba kuamka, na makala ikachelewa kutoka. Watu wakifuta kashe, mgeni anayefuata anaamsha ratiba, makala inatoka, na wote wanaapa kwamba walichokuwa nacho ni kashe ambayo haikujifuta. Kumbe hakikuwa kimechapishwa chochote. Dawa ni kuzima ratiba hiyo ya kutegemea wageni na kuiita kutoka kwenye cron, yaani ratiba ya seva yenyewe.

Hata ukichagua tukio sahihi, kuna upenyo mwingine ambao vitabu huutaja kwa mstari mmoja. Mifumo kama Drupal huhifadhi makala ndani ya muamala wa kanzidata, yaani mabadiliko ambayo wengine hawayaoni mpaka yakamilike yote, na ukifuta ufunguo wa Redis ndani ya hook_node_update, msimbo unaoitwa makala inapobadilishwa, unaufuta kabla muamala haujafungwa. Msomaji wa Masasi akifungua ukurasa katika nukta hiyo, ufunguo haupo; msimbo unakwenda kwenye kanzidata, ambayo bado inaonesha bei za zamani kwa sababu muamala haujakamilika; unazichukua na kuziweka Redis. Kisha muamala unafungwa. Kuanzia hapo kashe yako ina bei za zamani zenye sura ya kuhifadhiwa sasa hivi, na kumbukumbu za seva zinathibitisha kwamba ufunguo ulifutwa kama ilivyotakiwa. Unaweza kupoteza siku nzima kwa kosa hili, kwa sababu halijirudii unapolitafuta ukiwa peke yako. Linahitaji wasomaji wengi, yaani linahitaji siku ya mnada.

Kufuta baada ya muamala kufungwa hupunguza upenyo huo, lakini hakuuzibi wote. Msomaji aliyeanza kusoma kanzidata kabla ya kuchapishwa anaweza kumaliza kuandika kwenye kashe baada ya wewe kufuta. Njia ninayoipenda ni kutofuta chochote: ninaweka namba ya toleo ndani ya Redis, na kila ufunguo hubeba namba hiyo. Muamala ukishafungwa, naongeza namba kwa moja. Anayesoma huchukua namba kwanza, ndipo asome kanzidata. Aliyechelewa ataandika kwenye ufunguo wa toleo la zamani ambao hakuna atakayeuliza tena, nao utajifia muda wake ukiisha. Hapa nina shaka moja ambayo sijaimaliza. Ikiwa tovuti inasoma kutoka nakala ya kanzidata inayochelewa nyuma ya kanzidata kuu, msomaji mwenye namba mpya bado anaweza kupata bei za zamani. Mimi huelekeza usomaji wa kujaza kashe kwenye kanzidata kuu, na najua kwamba kwa kufanya hivyo narudisha mzigo uleule niliokuwa naukimbia.

Nini kifutwe ni swali jingine linalochukuliwa kirahisi. Makala moja ya bei ya Tandahimba inaishi kwenye ukurasa wake, kwenye orodha ya wilaya, kwenye jedwali la mkoa, na kwenye kisanduku cha ukurasa wa mwanzo. Makala ikihamishwa kutoka Tandahimba kwenda Newala, orodha zote mbili zinahusika, na fundi anayesoma wilaya mpya tu ataacha mzimu kwenye ile ya zamani. Kuondoa makala hewani nako ni kubadilisha kilichochapishwa, ingawa wengi husikiliza kuchapisha pekee. Kwenye Joomla, nao ni mfumo wa tovuti, kubadilisha hali ya makala kutoka kwenye orodha huita onContentChangeState na si onContentAfterSave, hivyo aliyesikiliza tukio moja amefanya nusu ya kazi. Na anayeingiza bei moja kwa moja kwenye kanzidata kwa SQL asitegemee tukio lolote, kwa sababu hakuna litakalotangazwa.

Ndipo huja jibu la jumla: "Fundi, we futa zote tu." Amri ya FLUSHALL ya Redis ni tiifu kuliko inavyostahili, hufuta hifadhi zote zilizo kwenye Redis hiyo, na kama vikao vya watumiaji, yaani kumbukumbu za nani ameingia, vimo humo, wahariri wote wanatupwa nje ya mfumo katikati ya kazi. Zaidi ya hapo, unaifanya kashe kuwa tupu saa ileile ambayo bei mpya imetangazwa na watu wanamiminika, na kila ombi linakwenda kukamua kanzidata kwa pamoja. Nimeona pia watu wakifuta mistari ya transient, yaani data ya muda ya WordPress, kwenye jedwali la wp_options kwa bidii kubwa, ilhali tovuti inatumia Redis kama kashe ya kudumu, ambapo transient haziwekwi kwenye jedwali hilo kabisa. Wengine huendesha amri ya kufuta APCu, kashe ya PHP iliyo kwenye kumbukumbu ya seva, kutoka kwenye terminali, inajibu kwamba imefaulu, na kweli imefaulu: imefuta kumbukumbu ya mchakato wa terminali, isiyo na uhusiano na ile ya michakato inayohudumia wavuti. Na ukiwa na seva mbili, kila moja ina APCu yake. Sitecore, mfumo mwingine wa tovuti, hulitambua hilo waziwazi kwa kuwa na tukio la publish:end kwa seva iliyochapisha na publish:end:remote kwa nyingine. Aliyesajili la kwanza tu ataona kila kitu ni sawa, lakini wasomaji wanaohudumiwa na seva nyingine watabaki na ya kale.

Baada ya kusema yote hayo, nakiri kwamba kwa tovuti nyingi ninazozihudumia kati ya Mtwara na Lindi, kashe yenye muda wa dakika mbili, bila msimbo wowote wa kufuta, ingetosha, na sina hakika kwamba ufundi wangu wa namba za matoleo unalipa gharama ya kuutunza. Tofauti ni bei. Taarifa ya kikao ikichelewa dakika chache hakuna atakayeumia, lakini kwa bei ya korosho dakika hizo huzaa simu na tuhuma. Kwa hiyo kwa mteja huyu nimeacha vyote viwili: namba ya toleo inayoongezwa muamala ukishafungwa, na ukomo wa dakika mbili kwa siku ambayo nyongeza hiyo itashindwa. Nimeongeza pia mstari kwenye kumbukumbu za seva unaoandika makala iliyochapishwa, namba ya toleo iliyotoka nayo, seva iliyopokea na saa, na nimemwonesha mhariri pa kuusoma, ili katibu mwingine akipiga simu, ausome kwanza kabla ya kumwambia mzee wa watu azime simu yake.