Nyumba tupu nayo inakula: maneno ya wenye nyumba yaliyonichosha

Wiki hii nimelisikia mara tatu, mara ya mwisho niko juu ya bodaboda Kimara mtu ananipigia kelele kwenye simu, "heri ikae tupu kuliko kushusha kodi, kwani nyumba inakula?" Nikamjibu nikishuka nitakupigia, sikupiga, nimeona niandike mara moja niwe nawatumia hii hii. Kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu hapa Dar, natafuta wapangaji, nakusanya kodi, nagombana na mafundi. Wateja wangu wengi wana nyumba moja au mbili tu, mtu kajenga kwa kiinua mgongo, hela yenyewe imemtoa jasho, kwa hiyo uchungu wake nauelewa kabisa. Hesabu zake ndo siziwezi.

Haya, nyumba inakula. Kuna mama mmoja mteja wangu ana kinyumba cha vyumba viwili na sebule huko Kinyerezi, mpangaji wa kwanza alikuwa analipa laki tatu na nusu. Alivyohama mama akasema sasa ni laki nne kwa sababu jirani kapangisha laki nne. Jirani ana kisima, ana geti, gari inafika hadi mlangoni, kwa mama mvua ikinyesha unaacha gari barabarani unavua viatu. Wakaja watu, watatu wakasema tupo tayari kwa laki tatu na nusu, mmoja mwalimu ana hela ya miezi sita mkononi kabisa. Nampigia mama ananiambia "mwanangu wewe huna uchungu na hiyo nyumba". Nikanyamaza. Tukakaa miezi mitano.

Sasa chukua karatasi. 350,000 mara miezi 5 ni 1,750,000, hiyo imeshaondoka hairudi. Tuseme mwezi wa sita akapatikana wa laki nne, ziada yake ni 50,000 kwa mwezi, sasa gawanya, 1,750,000 kwa 50,000 unapata 35. Miezi 35! Karibu miaka mitatu mpangaji huyo asihame, asichelewe, asihamishwe kikazi, ndo mama anarudi pale alipokuwa angemchukua mwalimu, faida bado haijaanza. Na huyo wa laki nne hakuja. Ilipangishwa laki tatu na nusu ile ile.

Na hapo sijagusa yaliyotokea ndani. Nyumba isiyo na mtu maji ya kwenye mitego ya choo na sinki yanakauka, harufu ya shimo inapanda ndani na mende wanapanda nayo, na joto letu hili madirisha yamefungwa miezi mitano ukuta unaota ukungu, kwa hiyo rangi upya. Koki za nje ziliibwa zote mbili. Hela ya ulinzi wa mtaa inadaiwa kama kawaida, mjumbe haulizi kama una mpangaji. Mteja anayekuja kuangalia akakuta majani yamefika kwenye dirisha anajua huyu mwenye nyumba ameshikwa pabaya, anakushusha zaidi.

Sisemi ukiguswa tu ushushe. Angalia kinachotokea. Kama watu wanakuja kuona halafu hawarudi, tatizo ni bei au hali ya nyumba. Kama hawaji kabisa tatizo ni tangazo, picha za giza ulizopiga saa moja jioni, au umempa dalali mmoja ana vyumba arobaini na chako ndo cha mwisho. Hayo mawili watu wanayachanganya sana, wanashusha kodi ya nyumba ambayo hakuna aliyeiona. Kwangu mimi siku 30 ndo mwisho, ikipita tunaongea upya. Na kama namba inakuuma kuishusha basi mpe mpangaji wiki mbili za bure, au muwekee simtanki, au kubali alipe miezi mitatu badala ya sita. Alafu jamani muulizeni mpangaji miezi miwili kabla mkataba haujaisha kama anaendelea, sio unashangaa unaletewa funguo Jumapili.

Mengine nayamaliza haraka maana hayanipandishi presha kiasi hicho.

"Akilipa miezi sita kwa mkupuo ni mpangaji mzuri." Amelipa miezi sita, hujui amekopa wapi. Nina mmoja analipa mwezi kwa mwezi mwaka wa nne huu, tarehe mbili hela imeingia. Mzuri utamjua mwezi wa saba.

"Kodi mara kumi na mbili ndo kipato changu." Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu, toa gari la kunyonya choo, toa vitasa, rangi, toa asilimia 10 ya TRA, wale wa mapato. Kinachobaki ndo chako. Na ukiona mtu ameweka dari ya jipsam ya mawimbi kwenye nyumba ya kupangisha Mbagala ujue hakupiga hii hesabu, mimi na jipsam hatuelewani kabisa, ikivuja paa mara moja tu umekwisha.

"Kampuni iliyopanga kwangu imenikata asilimia 10, wananiibia." Hawajakuibia. Hiyo ni kodi yako wewe kwenye pango, wao wanaizuia tu na kuipeleka TRA, dai risiti yake ukae nayo.

"Nyumba yangu, asipolipa napiga kufuli." Mkishindwana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukipiga kufuli vitu vyake vikiwa ndani atakuja kusema mle ndani mlikuwa na televisheni tatu na dhahabu ya mke wake, utathibitishaje. Na uende na mkataba uliolipiwa ushuru wa stempu, asilimia moja ya kodi ya mwaka, bila hiyo karatasi yako haipokelewi kama ushahidi.

"Kodi ya jengo ni ya mpangaji kwa sababu inakatwa kwenye LUKU." LUKU ni umeme wa kulipia kabla, inakatwa hapo kwa urahisi wa serikali tu, anayedaiwa ni mwenye jengo. Ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ghorofa ni 7,500 kila sakafu, na usiponunua umeme inajilimbikiza. Yule mpangaji mpya wa Kinyerezi usiku wa kwanza kaweka umeme wa 10,000, mfumo ukala 9,000 ya miezi mitano ya utupu na ule wa sita, akabaki na vijiuniti vya kuhesabu kwenye vidole. Saa nne usiku ananipigia mimi. Nikampa namba ya mama.