"Lisilo la faida" si "lisilo na mshahara"

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: eti shirika lisilo la faida haliruhusiwi kulipa mishahara, kwa hiyo mkurugenzi wa shirika la elimu anayelipwa anakula pesa za watoto. Si kweli. Jina lenyewe ndilo linalochanganya watu, na kusema haki halisaidii. Maana yake ni kwamba ziada haigawiwi waanzilishi. Inarudi kwenye kazi. Mchambuzi wa sera, mhasibu na afisa mawasiliano wanaweza kuajiriwa na kulipwa kama kwingineko.

Tanzania, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inadai ripoti ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Una shaka? Ziombe uzisome. Ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze; uishie kwako.