Kukimbia na Kukimbilia

Nafundisha Agano Jipya kwa makatekista hapa Unguja, na kila mwaka huwachosha kwa kauli moja ya kutendea. Anayekimbia ana anachokiacha. Anayekimbilia ana pa kwenda. Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, unasema juu ya watu waliokimbilia wakayashika matumaini, na matumaini hayo unayaita nanga ya roho. (Wapemba waliovuka kwenda Shimoni, Kenya, mwaka 2001 wakikimbia machafuko ya kisiasa hawahitaji mimi niwaeleze tofauti ya vitenzi hivyo.)

Jirani yangu wa Malindi, mzee Mwislamu aliyekula chumvi nyingi majahazini, nilimsomea mstari huo barazani. Akacheka.

“Aliyeandika huyo kapanda chombo, maalim. Nanga ukiiona, haijashika.”

Akanieleza kwamba baharia huishika amari, yaani kamba ya nanga, na kusikilizia mkononi kama nanga imeuma mchanga. Macho hayamsaidii kitu.

Hapa kwetu mfano wa matumaini kama hayo hauko mbali. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kianglikana. Watalii humiminika huko kutazama minyororo. Mimi wageni wangu huwapeleka Mbweni. Huko, miaka ya 1870, UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, iliwapa makazi watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa na manowari za Waingereza. Wamekombolewa, naam, lakini warudi wapi? Kwao ni mwendo wa miezi, vijiji vingine vimeteketezwa, na njiani wapo wa kuwakamata tena. Leo tungewaita wakimbizi.

Wengi hawakuwa na ndugu hata mmoja. Kwa watu wa pwani hilo ni jambo zito: nani atakuposea, nani atakuzika? Ndiyo maana ubatizo naupa uzito kuliko mahubiri yote yaliyotolewa pale. Ulimpa mtu mama na baba wa ubatizo, watu wenye haki ya kuitwa siku ya harusi na siku ya msiba. Matumaini yao yalianzia kwenye ukoo huo mpya, kabla ya habari za mbinguni.

Sisemi Mbweni ilikuwa pepo. Wamisionari ndio waliokuwa wenye shamba, na majina ya Kizungu yakabandikwa juu ya yale waliyopewa na mama zao. Lakini huyo Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa angali mtoto, alilelewa na misheni hiyohiyo, akapelekwa Chitangali, upande wa Masasi, kuhudumu kati ya Wayao wenziwe, na 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza katika UMCA.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa hili. Nilipokwenda Nyarugusu, Kigoma, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, niliwahubiria Waisraeli walivyotoka Misri kwenda nchi ya ahadi. Niliona nimehubiri vizuri. Baada ya ibada mama mmoja akanijia.

“Mwalimu, binti yangu kazaliwa hapa, na sasa amezaa hapa. Hiyo nchi ya ahadi ndiyo ipi?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewapa safari, na wao hawana ruhusa hata ya kutoka kambini wapendavyo. Nikamwomba radhi. Akafungua mfuko wa nailoni, akatoa cheti cha ubatizo cha binti yake, kimekunjwa mara nne, wino umefifia kwenye mikunjo. Akapitisha kidole kwenye majina ya wasimamizi, kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye mapaa ya turubai.

“Huyu yuko zoni ile kule. Huyu tumemzika mwaka jana. Aliyepika msibani ni binti yangu.”

Akakikunja tena, mara nne.